Muziki Usiokuambia 'Jikaze'

Msomaji mpenzi, hebu nikuulize swali dogo kabla hujafungua ukurasa mwingine. Ni lini mara yako ya mwisho kuketi saa nzima mahali penye watu wengi, pasiwe na hata mmoja wao anayenena?

Wewe unayeishi mjini unayajua haya kuliko mimi. Kabla jogoo hajawika, honi za matatu zimekwisha kuwika. Ukitoka nje, utingo anakupigia mbinja na kukuvuta mkono. Ukiabiri gari, muziki unatikisa viti na meno yako pamoja. Mchana kuna mhubiri na kipaza sauti chake, na mwuza sumu ya panya na kipaza sauti chake. Jioni ukirejea nyumbani, jirani wa ghorofa ya juu anaburuta viti kana kwamba anahama kila siku. Waliosema mazoea yana taabu hawakukosea. Tumezizoea kelele hata zikikosekana tunashtuka na kuuliza kuna nini.

Hata hivyo, iko siku mtu huzichoka. Aghalabu huwa ni wakati wa msiba.

Sisi Wakenya tunajua kuzika. Kamati huundwa siku ile ile, michango hukusanywa, hema hukodishwa, na kila jioni watu hufurika nyumbani kwa mfiwa kuomba, kuimba na kunywa chai. Hilo ni jambo jema, na Mungu atuzidishie moyo huo. Lakini marehemu akishazikwa, hema likang'olewa, na sufuria za kuazima zikarudishwa kwa wenyewe, mjane hubaki na nini? Hubaki na simu inayolia mara moja kwa siku, halafu mara moja kwa juma. Na anayepiga husema nini? 'Jikaze.' 'Kazi ya Mungu haina makosa.' 'Usilie sana, utajiletea maradhi.'

Wanenao hivyo wana nia njema. Taabu ni kwamba maneno yenyewe yametumika hata yakachakaa kama noti iliyopita mikononi mwa makondakta wote wa Nairobi. Zaidi ya hayo, mtu anayeambiwa ajikaze hutambua moyoni kwamba anaombwa, kwa upole, awapunguzie wengine uzito wa kumtazama.

Leo nataka kukusimulia kuhusu kitu nilichokiona kikiketi na mfiwa bila kumwambia ajikaze. Usinicheke. Ni muziki wa fidla uliotungwa na Wazungu waliokufa zamani sana, karibu miaka 300 iliyopita.

MASIKIO YALIYONGOJA LANGO

Baba yangu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Alikuwa akienda Mombasa kupakia na kupeleka shehena hadi Malaba, na alirudi nyumbani saa yoyote ambayo barabara ilimruhusu. Kwa miaka 38 mama alilala sikio moja likiwa macho. Alikuwa akingoja kusikia lango likifunguliwa, kisha zile hatua nzito za buti uani, pole pole, za mtu aliyechoka ambaye hana haraka tena kwa kuwa amefika. Akizisikia, alijigeuza upande wa pili na kulala fofofo, wala hakumbuki kuamka kumpakulia chakula. Baba alijipakulia mwenyewe.

Alipofariki, tulimzika kijijini, halafu nikamleta mama kwangu Nairobi asikae peke yake katika nyumba ile. Nilidhani mji ungemsahaulisha. Lakini mimi naishi katika ploti ya ghorofa 5, na lango letu hufunguliwa usiku kucha. Kuna askari anayerudi kutoka lindoni, kuna wauguzi wa zamu, kuna vijana ambao sijui watokako. Kila lango lilipolia, mama aliketi kitandani. Kwa majuma 5 sidhani alilala zaidi ya saa mbili kwa usiku mmoja. Nilimpata alfajiri jikoni akichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Jirani yangu ana kijana wa chuo anayepiga viola, ambayo ni fidla iliyozidi umbo kidogo na yenye sauti nzito kuliko ile ya kawaida. Kijana huyo na wenzake walikuwa na tamasha Jumapili jioni katika kanisa moja karibu na katikati ya mji, na mamake akanipa tikiti mbili. 'Mpeleke shosho wenu akapunge hewa,' aliniambia. Nilizichukua kwa sababu hiyo tu, ya kupunga hewa.

Mama alivaa sweta yake ya kijani, akajifunga kitambaa kichwani, na akabeba Biblia. Tulipoketi aliangaza huku na huku, kisha akaninong'oneza, 'Mami, mhubiri ni nani leo?' Yeye huniita Mami kwa kuwa nimepewa jina la mamake. Nikamjibu kwamba hakuna mahubiri leo, ni muziki tu. Akaguna, akaiweka Biblia mapajani na kuifunika kwa mikono yote miwili.

OKESTRA ISIYO NA KONDAKTA

Pengine, msomaji, umewahi kuona katika runinga ile okestra kubwa ya watu 80 au 100, na mbele yao bwana mmoja akipunga kijiti. Hii si hiyo. Okestra ndogo huwa na wapigaji wachache, na jioni ile niliwahesabu 13. Walikuwapo wa fidla, wa viola, wawili wa selo, ile inayobanwa katikati ya magoti, na mmoja wa besi, chombo kikubwa kumshinda mwenyewe. Pembeni kulikuwa na kinanda cha umeme kilichotegwa kutoa sauti ya hapsikodi, kinanda cha kale ambacho nyuzi zake hudonolewa badala ya kugongwa.

Kondakta hawakuwa naye, si wa kijiti wala wa matatu. Okestra za namna hii mara nyingi huongozwa na mpiga fidla wa kwanza, naye huongoza kwa kuvuta pumzi na kuinua kichwa. Wengine humtazama na kusikilizana. Nilivutiwa mno na jambo hilo. Watu 13 wakaanza kwa pamoja na wakamaliza kwa pamoja, wala hapana aliyepaza sauti kumwamrisha mwenziwe. Ni bunge gani, ni mkutano gani wa wazazi shuleni, uliowahi kuendeshwa hivyo?

Muziki waliopiga ni wa enzi iitwayo Baroki, ambayo kwa makadirio ilianza mwaka wa 1600 na kumalizika 1750. Jina lenyewe aghalabu huhusishwa na neno la Kireno la lulu isiyo mviringo sawasawa, na hapo mwanzoni lilikuwa tusi. Waliofuata waliuona muziki na majengo ya enzi ile kuwa na madoido kupita kiasi. Lakini chini ya madoido hayo kuna kitu kisichopinda hata kidogo, nacho ni sauti ya chini. Katika muziki wa Baroki besi haipumziki. Fidla zinaweza kuruka, kulia, kubishana na kupotea njia, lakini huku chini selo na besi zinatembea, hatua baada ya hatua, kama mtu anayeijua njia hata gizani.

Walianza na 'Kipupwe', kipande cha mwisho katika Misimu Minne ya Antonio Vivaldi wa Venice, iliyochapishwa mwaka wa 1725. Ilikuwa Julai, na wewe unaijua baridi ya Nairobi ya Julai. Fidla zikatetemeka kama meno yanayogongana. Kisha katikati kukaja sehemu ya taratibu. Mpigaji mmoja anaimba kwa fidla yake kama mtu aliyeketi kando ya moto, na wenzake wanadonoa nyuzi kwa vidole, nayo hiyo ni mvua inayonyesha nje. Mama alinigusa kiwiko. 'Mabati,' akasema. Hakuna aliyemweleza kwamba ni mvua.

Baada ya mapumziko wakapiga kipande kiitwacho Air, kutoka katika mkusanyo wa tatu wa okestra wa Johann Sebastian Bach. Pengine umekwisha kukisikia arusini bila kulijua jina lake. Fidla inashika sauti moja na kuivuta, inaivuta hadi unadhani mpigaji amesahau kuendelea, na huku chini besi inatembea bila haraka. Nilipogeuka kumtazama mama, kichwa chake kilikuwa kimelala begani mwangu na mdomo umefunguka kidogo.

Alikuwa usingizini.

Nilitaka kumgusa, maana tulikuwa safu ya tatu na wapigaji walikuwa wakituona waziwazi. Mzee aliyeketi kando yetu, mwenye koti la mwalimu mstaafu, akatikisa kichwa. 'Usimwamshe, binti,' alinong'ona. 'Wengine tumekuja hapa kutafuta hicho hicho.' Makofi yakapigwa, mama hakushtuka. Ikafuata konsato ya Bach ya fidla mbili, mama hakushtuka. Alilala kama dakika 20, katikati ya watu wapatao 200, mama ambaye kitandani kwake hakupata usingizi majuma 5. Aliamka watu walipokuwa wakisimama, akapiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Tukiwa ndani ya matatu kurudi nyumbani alikaa kimya hadi tukapita mzunguko wa pili. Ndipo akasema, bila kunitazama, 'Yule wa fidla kubwa alikuwa akitembea kama mtu anayerudi nyumbani.' Sikumjibu. Nilijua ni nani aliyekuwa akirudi.

WAFIWA WALIOFUNDISHANA

Tangu siku hiyo nilianza kudadisi watunzi hawa walikuwa watu gani. Wengi wetu hudhani muziki huu ulitungwa na mabwana wenye nywele za bandia walioshiba na kustarehe katika majumba ya wafalme. La hasha! Wengi wao waliyajua makaburi kama tuyajuavyo sisi.

Chukua mfano wa Johann Pachelbel, Mjerumani aliyetunga ile Kanoni ipigwayo arusini siku hizi. Mwaka wa 1683 tauni iliingia katika mji wa Erfurt alikokuwa mpiga kinanda wa kanisa. Ikamwua mkewe na mtoto wao mchanga. Mwaka huo huo alichapisha kitabu cha muziki kuhusu mawazo ya kufa. Baadaye alioa tena na kuendelea kufundisha, na katika wanafunzi wake huko Erfurt alikuwako kijana aitwaye Johann Christoph Bach.

Johann Christoph alikuwa na mdogo wake, Johann Sebastian, aliyezaliwa Eisenach mwaka wa 1685. Mama yao alifariki 1694 na baba yao akafuata mapema 1695, kabla Sebastian hajatimiza miaka 10. Yatima huyo akachukuliwa na kaka yake na kulelewa katika mji wa Ohrdruf, na huko akafundishwa kinanda. Basi tazama mnyororo huo, msomaji. Mfiwa wa tauni alimfundisha kijana, kijana akamlea na kumfundisha mdogo wake yatima, naye yatima ndiye Bach ambaye dunia nzima inamtambua leo.

Wala msiba haukumwachia hapo. Mnamo Julai 1720 Bach alikuwa safarini Karlsbad na bwana wake, Mwana-mfalme Leopold wa Köthen. Aliporudi nyumbani aliambiwa kwamba mkewe, Maria Barbara, amekufa na amekwisha kuzikwa. Hakuna barua iliyokuwa imemfikia. Aliingia mlangoni kwake kama mume na kukuta kwamba ni mjane. Katika maisha yake alizaa watoto 20, na 10 tu ndio waliofikia utu uzima.

Sisemi kwamba kila kipande chake ni kilio. Alitunga pia nyimbo za furaha na hata ya kuchekesha, inayomhusu binti mmoja asiyeweza kuishi bila kahawa. Ninachosema ni kwamba mtu huyu hakuwahi kupata anasa ya kudhani kwamba maisha yatakuwa mepesi. Akitulia katika muziki wake, anatulia akijua. Nadhani mfiwa huisikia tofauti hiyo hata kama hajui jina la mtunzi. Kuna utulivu wa asiyejua jambo, na kuna utulivu wa aliyekwisha kulia akanyamaza.

Na kuhusu usingizi wa mama, nilipata faraja nyingine. Mnamo 1802 Johann Nikolaus Forkel, aliyeandika maisha ya Bach, alisimulia kisa cha Bwana Keyserlingk, balozi wa Urusi aliyekuwa akikosa usingizi. Balozi huyo alikuwa na kijana mpiga hapsikodi, jina lake Goldberg, aliyempigia usiku katika chumba cha pili. Inasemekana aliomba Bach amtungie vipande vya kumtuliza katika usiku kama huo, na hivyo ndivyo vilivyopata jina la kijana huyo. Wataalamu wengi wanakitilia shaka kisa hiki, kwa sababu kitabu kilipochapishwa mwaka wa 1741 hakikutaja jina la balozi, na kijana mwenyewe alikuwa wa miaka 14 tu. Hata kama ni hadithi, inatuonyesha kwamba tangu zamani watu hawakuona aibu kuutaka muziki huu uwakeshee.

SI WA WENYE MAGARI PEKE YAO

Najua kuna msomaji anayesema, 'Hayo ni mambo ya watu wa mitaa ya kifahari. Mimi wa Kayole yananihusu nini?'

Ndugu yangu, tuanze na huko ulikotoka muziki wenyewe. Vivaldi alikuwa kasisi, na kuanzia mwaka wa 1703 alifundisha fidla katika makao ya watoto waliotupwa, yaitwayo Ospedale della Pietà, mjini Venice. Muziki wake mwingi ulipigwa kwanza na wasichana ambao hawakuwajua baba wala mama zao. Walipiga wakiwa nyuma ya kimiani, na watu walisafiri kutoka nchi za mbali kuja kuwasikiliza. Bach naye, kuanzia 1729, aliongoza kikundi cha wanafunzi wa chuo kikuu cha Leipzig kilichopiga muziki katika mkahawa wa kahawa wa Bwana Zimmermann. Na ile 'Haleluya' ya Handel ambayo kwaya zetu huishindania kila Krismasi na Pasaka? Imo ndani ya kazi yake iitwayo Messiah, iliyoimbwa mara ya kwanza mbele ya umma mjini Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Fedha zilizopatikana zilisaidia hospitali na kuwatoa gerezani watu 142 waliofungwa kwa madeni. Haikuwa harambee hiyo?

Hapa kwetu pia njia ipo. Shule ya muziki iitwayo Kenya Conservatoire ilianzishwa mwaka wa 1944, na Nairobi Orchestra mwaka wa 1947. Ni kweli kwamba enzi hizo Mwafrika hakuwa na nafasi yake pale. Lakini mambo yamebadilika. Huko Korogocho, karibu na jaa la Dandora, mpango wa Ghetto Classics umekuwa ukifundisha watoto wa mtaa kupiga vyombo vya okestra tangu 2008. Ukimwona mtoto aliyelelewa kando ya moshi wa jaa akiibana selo magotini na kuitembeza besi ya Bach, hutamwuliza muziki huu ni wa nani. Utaona ni wa mwenye kuupiga.

KWA ANAYEKWENDA MARA YA KWANZA

Ikiwa ungependa kujaribu, nikudokezee machache. Fika mapema, maana mlango ukifungwa hufunguliwa baada ya kipande kumalizika. Izime simu yako kabisa. Usiiache ikitetemeka juu ya ubao wa kiti, kwani ndani ya kanisa lililotulia hiyo ni ngoma. Kipande kimoja huweza kuwa na sehemu tatu, ya mbio, ya polepole na ya mbio tena, na desturi ni kungoja hadi zote ziishe ndipo upige makofi. Ukisahau usijali, tazama mikono ya wapigaji. Pinde zikishushwa kabisa, makofi ruksa.

Usijitie hofu kwamba 'huelewi'. Chagua sauti moja uifuate. Mimi hufuata besi. Mwanafunzi wa sekondari anayependa hesabu aisikilize Kanoni ya Pachelbel. Besi yake ina noti 8 tu, nazo zinarudiwa mara 28 bila kubadilika, huku fidla tatu zikifukuzana juu yake kwa maneno yale yale, moja nyuma ya nyingine. Na mwenye uchungu moyoni aisikilize sehemu ya katikati ya konsato ya Bach ya fidla mbili. Fidla moja inaanza kusema, ya pili inangoja, kisha inayasema yale yale kutoka mahali pake. Hakuna inayomkata mwenziwe kauli. Hakuna inayompa mwenziwe shauri. Ndiyo maana nasema muziki huu haukuambii ujikaze. Hauna maneno ya kukuambia hivyo, na hata ungekuwa nayo, nadhani usingeyatumia.

Sitakudanganya kwamba ni dawa. Usiku wa Jumatatu uliofuata mama aliketi tena kitandani lango lilipolia. Lakini safari hii hakwenda jikoni. Alinigongea mlango akaniambia, 'Mami, niwekee ile ya kutembea.' Nikaitafuta katika simu, nikaiweka kando ya mto wake kwa sauti ya chini. Siku nyingine humpeleka hadi alfajiri, siku nyingine haifui dafu. Msiba ni msiba. Anayekuahidi kwamba utaisha kwa wimbo mmoja, mkimbie. Tofauti ni kwamba sasa mama humtaja baba kwa jina tukiwa mezani, na huweza kucheka akikumbuka alivyokuwa akijipakulia chakula chote bila kusaza.

Nimejiuliza sana kilichomtuliza ni nini hasa, na jibu langu ni hili. Jioni ile watu 200 waliketi naye wakanyamaza. Hakuna aliyemhurumia, hakuna aliyemtazama kuona kama analia au halii. Wote walielekea upande mmoja, wakisikiliza kitu kimoja, na kitu chenyewe kilikuwa na mpango. Kilikuwa na mwanzo, kilikuwa na njia, na kilifika. Mtu ambaye maisha yake yamevurugika huhitaji kuona kwamba bado kuna jambo duniani linaloanza, likatembea na kufika salama.

Kwa hiyo, msomaji mpenzi, fikiri sasa hivi kuhusu mfiwa mmoja unayemjua. Si yule ambaye hema limesimamishwa kwake leo, huyo ana watu tele. Nasema yule ambaye hema lake liling'olewa mwezi uliopita. Ukisikia kuna tamasha la namna hii mtaani au kanisani kwenu, mchukue mkaketi naye. Na kama hakuna fidla wala selo karibu nawe, nenda hivyo hivyo. Pika chai, keti, nyamaza. Akisema, sikiliza hadi mwisho. Akinyamaza, nyamaza naye. Na akisinzia begani mwako, tafadhali usimwamshe.